Migebuka Nyuma ya Pazia

Ofisini kwetu Sumbawanga nilijifanya nabii wa tumbo dogo. Mchana nilikunywa maji ya ndimu nikimsimanga karani wetu, Anita: "Dada, unakula kama unalipwa!" Kisha nikaaga kwamba naenda kutembea nipunguze uzito. Kumbe, mnafiki mimi, napanda bodaboda hadi Katandala kwa mama ntilie, najificha nyuma ya pazia na ugali wa ulezi na samaki, migebuka wa ziwani.

Jumapili Anita alitualika kwenye kipaimara cha mwanawe. Chakula kilipofika nikasukuma sahani kwa madaha: "Mimi nakula kidogo."

Mpishi akanisogelea kwa huruma. Alikuwa mama ntilie wangu.

"Baba, unaumwa? Juzi kwangu ulikula sahani mbili, ukaomba na ukoko!"

Anita akamsogezea sufuria. "Mpakulie, mama. Huyo analipwa."