Mistari Minne ya Bwana Dawa

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kupiga dawa kwenye shamba la mizabibu, na watu walimzoea kwa jina la Bwana Dawa mpaka mke wake naye akalichukua. Alichanganya dawa bila kipimo, kwa kuangalia rangi ya maji tu, na mikanda ya bomba la mgongoni ilikuwa imemwachia alama mbili mabegani. Shamba lenyewe lilikuwa dogo, la familia moja. Walitengeneza mvinyo wa mapovu, ule unaochachuka mara ya pili ndani ya chupa, ukalala chumba cha chini miaka miwili au mitatu kabla haujafunguliwa.

Mzee mwenye shamba alipofariki, mwanawe wa kiume alibaki na mapipa na chupa zake huko chini, na shamba likaja mikononi mwa binti. Bwana Dawa alimjua tangu anatambaa. Yeye alimwita mwanangu, na binti alimwita mjomba, ingawa hawakuwa na udugu wowote. Wiki ya tatu baada ya maziko, binti alimwita jikoni.

"Mjomba, dawa za kiwandani basi. Kuanzia mwaka huu hatupigi tena."

"Basi vipi? Na ukungu wa majani je?"

"Tutatumia samadi, mitishamba, na tutafuata kalenda ya mwezi."

"Mwezi!" Bwana Dawa akashika kiuno. "Mwanangu, mwezi una shughuli zake huko juu. Zabibu zetu hata hauzijui."

Alibisha, lakini akatii. Walijaza samadi kwenye pembe za ng'ombe, wakazifukia ardhini msimu mzima wa baridi. Walipozifukua, walichukua kiganja kimoja cha ile samadi, wakaikoroga kwenye pipa la maji kwa saa nzima, mara kulia, mara kushoto, kisha wakainyunyiza shambani. Jioni alimwambia mke wake kwamba siku hizi ameajiriwa kuwapikia uji minyoo.

Miaka miwili ikapita salama. Udongo uliokuwa mgumu kama sakafu ukalainika, nyasi zikaota katikati ya mistari ya mizabibu. Bwana Dawa aliyaona hayo yote, ila hakuyasema.

Mwaka wa tatu mvua ikashika siku kumi mfululizo. Binti alikuwa amesafiri kupeleka chupa kwa wateja, na kaka yake hakuwa mtu wa kutazama majani. Asubuhi moja Bwana Dawa aligeuza jani kwenye mistari ya bondeni, ile aliyoipanda mwenyewe na marehemu mzee. Juu ya jani palikuwa na doa la njano kama tone la mafuta. Chini yake, weupe kama unga. Ukungu ulikuwa umeingia.

Kwenye banda palikuwa na dumu la dawa ya zamani ambalo hakuna aliyekumbuka kulitupa. Alivaa bomba, akaingia bondeni. Akapiga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Hapo akaacha. Ningependa kusema dhamira ilimsuta, lakini si kweli. Dawa iliisha.

Binti aliporudi, ukungu ulikuwa umelivaa shamba zima, isipokuwa mistari minne iliyosimama kijani kibichi kama imechorwa. Akaiendea mbio huku viatu vikizama matopeni.

"Mjomba! Hii umeifanyia nini?"

"Ni... ile ile tu ya siku zote."

"Nilijua! Ile samadi imeanza kufanya kazi!" Akamwita kaka yake aje aone. Kaka mtu akapiga picha, akasema watawaonyesha wateja, watu waache kuwacheka kwa pembe zao za samadi.

Siku mbili Bwana Dawa hakula vizuri. Kupiga dawa hakukumsumbua sana, maana alipiga kwa kuipenda ile miti. Kilichomkaa kooni ni zile picha. Siku ya tatu alijikaza kisabuni, akaenda jikoni, akaweka funguo za banda mezani.

"Mwanangu, si samadi. Nilipiga dawa."

Binti akaacha kuosha vyombo.

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Ungeniambia nisipige."

"Kumbe ulijua."

"Nilijua."

Alitaka afokewe, ingekuwa rahisi zaidi. Binti alikaa, akafuta mikono taratibu, kisha akampigia mkaguzi wa kilimo hai, yule anayethibitisha kwamba shamba halitumii dawa za kiwandani, na kumweleza yote, Bwana Dawa akiwa amesimama palepale. Mistari minne ikatolewa kwenye hesabu ya shamba kwa miaka mitatu, na zabibu zake zikaenda kwa mtengeneza jamu. Kwingine karibu nusu ya mavuno iliozea mitini.

"Hizi funguo chukua," binti akasema mwishowe. "Nimekasirika, na nitaendelea kukasirika kwa muda. Lakini hapa hakuna mwingine mwenye jicho la kuuona ukungu mapema. Ile mistari ni yako. Irudishe kwenye hesabu."

Akairudisha. Alipunguza majani ili upepo upite, akaweka mitaro, akajifunza kuchemsha mitishamba mpaka mke wake akalalamika nyumba inanuka zizi. Mwaka wa kwanza ile miti ilikuwa goigoi, kama mgonjwa aliyenyang'anywa fimbo. Mwaka wa pili ukungu ukaja tena. Aliyakata majani yaliyougua moja moja, akashinda bondeni na sufuria zake, na safari hii hakuthubutu hata kulitazama banda. Alipoteza vishada vingi. Vilivyobaki vilikuwa vidogo, ngozi ngumu, vitamu.

Mwaka wa tatu mkaguzi alipima, akatia sahihi. Zabibu za mistari minne zikaingia kwenye chupa, na zilipokuwa tayari, wateja wachache walialikwa kuonja uani. Kaka mtu alifungua chupa, na kabla ya kumimina, binti akawasimulia wageni kisa chote bila kuficha kitu. Bwana Dawa akataka kukimbilia jikoni. Mke wake akamshika shati.

"Tulia, bwana. Hawali watu."

Mgeni mmoja akamuuliza kama leo angefanya vile tena.

Alifikiri, akizungusha glasi yake. "Wakati ule sikujua kama mti unaweza kuumwa ukapona wenyewe," akasema. "Nilikuwa sijawahi kuusubiri."

Akanywa. Mapovu yakampanda puani, akapiga chafya mbele ya watu wote, na binti ndiye aliyecheka wa kwanza.