Mchoro wa Pini Uliotoweka

Mwaka 1952 Jolán Bodnár alikuwa mchoraji katika kiwanda kimoja cha silaha mjini Budapest. Bunduki walizibuni wengine. Yeye alinakili michoro yao kwa wino mweusi. Februari, mchoro wa pini ya kufyatulia ya rashasha mpya ukatoweka kabatini. Tangu siku hiyo kila mtu alikunywa kahawa yake peke yake.

Galgóczi, ofisa wa usalama, akamwita.

"Komredi, meza yako iko jirani na ya mzee Ödön. Yule alibuni bunduki za jeshi la utawala ule wa zamani."

"Kwani kafanya nini mzee wa watu?"

"Hilo utaniambia wewe. Ijumaa."

Jolán akaanza kumtupia mzee jicho la pembeni. Mbona anakula mkate wake uliopakwa mafuta ya nguruwe amegeukia ukuta? Mbona koti halivui, na jiko la kuotea moto linawaka? Alhamisi akasikia karatasi ikichakarika ndani ya koti lile. Mchana mzee akaingia stoo ya sampuli. Jolán akamfuata kwa kunyata. Akamkuta ameinamia mchoro wa pini uliotoweka, wembe mkononi, anakwangua wino.

"Kumbe ni wewe!"

"Funga mlango, binti. Sauti chini."

"Unaharibu mali ya serikali?"

"Naitengeneza. Tazama hapa. Mwandiko wa nani huu?"

Ulikuwa wa Jolán mwenyewe. Aliandika nane badala ya tatu. Kwa kipimo kile pini isingeingia hata tunduni mwake.

"Wangeiita hujuma," mzee akasema. "Rezső wa hapa ofisini, watu wa usalama walimchukua kwa kosa dogo kuliko hili. Nani kamwona tena?"

Jolán akamsubiri amalize kusahihisha, kisha akauchukua mchoro.

Ijumaa akampelekea Galgóczi mchoro. "Ulidondokea nyuma ya droo yangu."

"Siku tisa?"

"Uzembe wangu, komredi."

Galgóczi alimkazia macho, akaufungia mchoro kabatini. Wiki iliyofuata Jolán akahamishiwa ghalani kupaka mitutu grisi, na kalamu hakuishika tena. Mzee Ödön hakuguswa. Ila kuna mtu alimnong'oneza kwamba Jolán alikuwa akiitwa kwa Galgóczi, na mzee akaacha kuitikia salamu zake.

Siku moja Jolán akamsimamisha getini. "Mzee, mimi sikukutaja."

"Sijakuuliza kitu," mzee akasema, akavuta kola ya koti, akapita.