Ukishindwa Utafanya Nini

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile ambayo mawe yalipiga kura hapa kwetu Ludara. Usicheke. Weka hilo begi chini kwanza, ukae. Umekuja mbio kutoka Arua kuniambia nifunge vitu tuvuke mpaka, kwa sababu kura zimehesabiwa na kuhesabiwa tena na bado hakuna anayejua nani ameshinda. Nimekusikia. Sasa na wewe unisikie, halafu kama bado unataka kuvuka, sitakushika shati.

Wewe hukuwa umezaliwa serikali ilipoanguka mwaka wa sabini na tisa. Sisi watu wa huku Koboko tulikuwa na baba na kaka katika jeshi lake, kwa hiyo askari walioipindua hawakutuuliza kama tulifanya jambo lolote. Tulikimbilia Zaire na masufuria kichwani. Kule kambini maji yalitoka kwenye bomba moja tu, na foleni yake ilikuwa haina mwisho. Ikawa desturi: ukichoka kusimama, unaweka jiwe mahali pako, unamwambia aliye nyuma yako, "Hii iko mimi," kisha unakwenda kunyonyesha au kukoroga uji. Wenzako wanalisogeza jiwe lako kwa mguu mpaka urudi. Hakuna aliyeruka jiwe la mwenzake, hata wale waliokuwa wezi wa kuku. Huko huko tulimzika baba yangu, katika ardhi isiyomjua, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Basi tukarudi nyumbani. Baada ya muda serikali mpya ikasema kila kijiji kichague mwenyekiti wake, na uchaguzi wenyewe ni kujipanga mstari nyuma ya mtu unayemtaka. Kwetu walisimama wawili. Mmoja alikuwa Mzee Rajabu, askari wa zamani, ambaye hata akiomba chumvi unasikia amri. Wa pili alikuwa Mwalimu Wani, aliyefundisha watoto wetu kusoma, mtu mwema ambaye hakujua kusema jambo kwa ufupi. Bwana wa kuhesabu alitakiwa afike asubuhi kutoka Arua. Tukajipanga. Jua likapanda, gari hakuna. Wengine wakaenda kuswali, wengine watoto wanalia, mwingine mbuzi wake ameingia shamba la watu. Kila aliyeondoka akaweka jiwe. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo, mazoea yana taabu.

Bwana wa Arua alipofika akahesabu watu, Rajabu akashinda. Upande wa Wani wakasema, na mawe je? Wakahesabiwa watu pamoja na mawe, Wani akashinda. Yule bwana akavua miwani yake akaifuta.

"Jamani," akasema, "jiwe haiko mutu."

"Kule Zaire ilikuwa mutu," akajibiwa, na aliyemjibu hakuwa anatania.

Bwana yule akaona mambo yanachemka. Akasema atakwenda kuwauliza wakubwa wake, akaingia garini. Nadhani bado anauliza.

Fahali wawili hawakai zizi moja, mwanangu, na sisi tukabaki na wenyeviti wawili. Rajabu akisema soko ni Jumanne, Wani anasema ni Alhamisi, na mwenye nyanya anakaa na nyanya zake zinaoza. Vijana wa Rajabu wakakata fimbo. Vijana wa Wani, ambao jana tu walikuwa wanacheza mpira na hao hao, wakanoa mapanga. Kisha ukaja uvumi kwamba askari wanakuja, na wakikuta tunapigana watachoma kijiji chote bila kuuliza nani ni wa nani. Kutoka Midia, kule mpakani, tukasikia watu wameanza kuvuka tena na mizigo.

Mimi nilikuwa na simsim, ile nyinyi wa mjini mnaiita ufuta. Nilikuwa mwanamke kijana, na lile lilikuwa shamba langu la kwanza katika udongo wa kwetu, nililolima kwa mikono hii. Simsim haibembelezwi. Ikikauka ukaiacha siku chache, maganda yanafunguka na mbegu zinamwagika chini, unabaki na kuni. Ilikuwa karibu kabisa kukatwa. Nikikimbia, imepotea, na mimi nimerudi kuwa mtu wa kupanga foleni ya chakula cha kupewa. Nililijua hilo vizuri, na bado nikafunga mzigo. Hofu ina nguvu, nisikudanganye.

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, jina lake Keji, akanikuta nakaza kamba.

"Unaenda wapi?"

"Mama mkubwa, wanasema askari wanakuja."

"Huyo Wanasema iko na nyumba wapi? Nipeleke nimuulize."

"Lisemwalo lipo," nikamjibu, nikajiona mjanja, "na kama halipo laja."

Akafungua kamba yangu, akatoa sufuria, akaitia maji na kuiweka jikoni. Ndipo akasema, taratibu kabisa, "Mimi nimemaliza kukimbia. Nilizika mume yangu kule, inatosha. Simsim yako iko tayari, na wewe unataka kuwa mgeni wa watu tena kwa sababu wanaume wawili hawajui kuhesabu? Pika. Kesho tunaenda kuwaona."

Nilikasirika, kisha nikaona aibu, kisha nikapika.

Asubuhi tulikwenda kwa Rajabu, halafu kwa Wani. Maneno ya Mama mkubwa kwa wote wawili yalikuwa yale yale: mstari urudiwe, kila mutu na miguu yake, jiwe hapana. Wote wakakubali upesi, maana kila mmoja alikuwa na hakika kwamba yeye ndiye mshindi. Mama mkubwa akaniambia njiani, "Umeona? Hakuna aliyefikiri hata kidogo kwamba atashindwa. Hapo ndipo ugonjwa iko."

Siku ya kurudia watu walijaa kiwanja cha soko. Fimbo zilikuwepo, mapanga yalikuwepo, yamefichwa vibaya chini ya makoti. Kabla hatujajipanga, Mama mkubwa akasimama kati ya wale wawili.

"Mukishinda tunajua mutafanya nini, mumetuambia mpaka masikio inauma. Mimi nataka ile ingine. Rajabu, ukishindwa utafanya nini? Sema sasa, mbele ya watu."

Mzee Rajabu aliwatazama vijana wake, nao wakamtazama yeye, na mimi nilijua kila kitu nilichonacho kinategemea neno litakalotoka katika kinywa kile. Angesema "sitashindwa", jioni ile tungekuwa njiani kwenda mpakani.

"Nitalima," akasema.

"Sema kwa nguvu, Mzee. Vijana yako hawakusikia."

"Nimesema nitalima!"

Mama mkubwa akamgeukia Wani. Mwalimu akakohoa kidogo. "Ndugu zangu wapendwa, kwanza kabisa ningependa..."

"Fupi, Mwalimu."

"Nitafundisha watoto wa Rajabu kama kawaida."

Watu wakacheka, na mtu akicheka fimbo inalegea mkononi. Tukajipanga. Wazee wawili, mmoja wa kila upande, wakatembea pamoja wakihesabu kwa sauti moja. Rajabu akashindwa, kwa watu wachache sana. Vijana wake wakaanza kusogea mbele. Yeye akawageukia na ile sauti yake ya jeshi: "Mimi nilisema nini?" Wakasimama. Alifunga vifungo vya koti lake akaenda zake nyumbani peke yake, na nilimhurumia sana.

Kesho yake nikiwa na mundu naenda kukata simsim yangu, nikampita shambani kwake. Kiangazi kimeingia, ardhi imekauka kama tofali, hakuna mtu mwenye akili anayelima wakati ule. Yeye alikuwa ameinama analima.

"Mzee, hii si msimu," nikamwambia.

"Najua," akajibu bila kuinua kichwa. "Lakini nilisema."

Mwanangu, wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Huko mjini mnawauliza watu wenu wakishinda watajenga nini, watagawa nini, na mnapiga makofi. Waulizeni mapema wakishindwa watafanya nini, wajibu mbele ya watu wao, kabla kura haijahesabiwa. Anayekosa jibu, usimfuate, hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja. Na mkibaki hamna mshindi, kama sasa, msikimbilie mzigo wala fimbo. Kaeni, hesabuni tena mkiwa pamoja, na anayetaka kuwatisha mmuulize jina lake. Nchi haikosi mtu wa kutawala. Inakosa watu wa kushindwa vizuri.

Mimi siendi popote. Wewe rudi kwa wenzako Arua, ukawaambie hayo. Mungu akulinde njiani, akupe moyo wa kukaa kwenu, na siku utakayoshindwa, maana itakuja, akupe jembe na nguvu ya kulishika.