Jirani alivyokuja maabara "kumulikwa" saratani kwa sababu ya mdomo wangu

Wakuu, salaam. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mkiona nimeanza kujisifia nishikeni, maana ndiko kulikoniponza.

Miaka ya tisini mie nilikuwa kwenye maabara moja hapa Dar, makazi yangu Tandika, Temeke.

Bosi wangu alikuwa daktari, dada mmoja wa Bukoba, tumwite Dk. Koku. Alirudi kutoka masomoni ng'ambo na ishu mpya: kuchunguza seli za saratani kwa infraredi.

Huo ni mwanga ambao jicho haliuoni. Tulikuza seli kwenye visahani, nyingine tukaziwekea dawa, nyingine tukaziacha. Kisha tunazikausha, tunazipitishia mwanga, mashine inachora mstari wa vilima na mabonde. Vilima vikibadilika, tunajua dawa imezigusa seli hata kabla hazijafa.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuosha visahani.

Lakini mtaani? Weee! Nilikuwaga naenda na koti jeupe mpaka kijiweni. "Sie tunaimulika saratani, inanywea yenyewe!"

Asubuhi moja nafika kazini, namkuta Bi Zuhura mlangoni. Jirani yangu, muuza vitumbua. Kajitanda khanga mpya, kajifukiza udi, na hajatia kitu mdomoni.

"Shikamoo Bi Zuhura. Kulikoni?"

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumulikwa."

Dk. Koku, aliyekuwa anafungua mlango, akaniangalia. Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Akamkaribisha ndani, akamwonyesha mashine. "Mama, hii haitibu mtu. Inachungulia seli chache tu, tujue kama dawa imezigusa."

Bi Zuhura akaizunguka yote. "Kwa hiyo mie siingii humu?"

"Hata kidole hakiingii."

"Na huyu aliyesema inanywea?"

"Huyu anaosha visahani."

Bi Zuhura alicheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Ndipo akasema. Ana uvimbe kwenye titi. Hospitali walishampangia upasuaji, akaacha kwenda. Miezi miwili anasubiri mashine yangu, anaona haya kuniomba nafasi.

Dk. Koku hakunigombeza. Alivua koti, tukampeleka hospitali mchana uleule. Mie nyuma yao, nimebeba kikapu chake.

Walimtoa titi, wakampa dawa kali. Nywele zikaisha, akakonda, lakini alipona na biashara akairudia. Nikipita tu, anawauliza wateja: "Mnamjua daktari wangu?" Naangalia chini.

Na ile dawa tuliyokuwa tunaichunguza haikufua dafu. Vilima vilibaki vilevile, na Dk. Koku akaandika hivyohivyo, bila kupamba.

Nilichojifunza: maneno unayoyatupa kijiweni ili watu wacheke, kuna mgonjwa anayaokota na kwenda kulala nayo.

Haya, nyie mliowahi kufanya kazi hospitali au maabara: mtaani mlijiita nani, na kazini mlikuwa nani? Semeni ukweli, mie wangu nimeshausema.