Koboko, kwa Muuza Matikiti Asiyeonja

Hajati Zainabu anauza matikiti maji sokoni Koboko, na kipande kidogo tu kikigusa ulimi wake, midomo huvimba na koo huanza kubana. Habari zake nilizipata Arua, kwa tabibu mmoja wa mtaa wa Mvara, ambaye, kwa ruhusa ya Hajati mwenyewe, aliniomba niende kumwona.

"Nyanya mbichi pia humwasha," alisema tabibu. "Iliyopikwa kwenye mchuzi anakula bila shida. Na yote yalianza baada ya miaka ya kupiga chafya kila nyasi zikichanua." Mwili uliokwisha kuikataa chavua ya nyasi, alieleza, unaweza kukuta ndani ya tikiti kitu kinachofanana nayo, ukakishambulia kwa kosa. Moto mara nyingi hukivunja kitu hicho. Lakini tikiti halipikwi.

Saa mbili asubuhi niliondoka. Tulipopita Maracha dereva alisimama kutia maji kwenye injini, nami nikashuka kujinyoosha. Nyasi zilikuwa zimenipita kimo, na mkono wa shati langu uliozigusa ukageuka manjano.

Saa nne nilikuwa Koboko. Desturi ya soko hilo ni moja: muuzaji hukata tikiti na kula kipande cha kwanza mbele ya mnunuzi. Mfanyabiashara mmoja kutoka upande wa Kongo alikuwa amesimama mbele ya Hajati, hataki kununua.

"Mama, mbona wewe hapana onja? Hii iko na dawa?"

Hajati akacheka, akaita meza ya pili. "Candiru! Kuja onja!"

Candiru naye anauza matikiti, wateja ni walewale. Alikuja akijifuta mikono, akatafuna taratibu. "Hii iko maji tupu. Mupe ile ingine." Akaonja la pili. "Hii sasa iko sukari."

"Huyu mutu hapana danganya," yule Mkongo akasema, akachukua mawili.

Nilimuuliza Candiru kwa nini anamsaidia mshindani wake.

"Hajati alionja kwa siri, sababu wateja walianza kukimbia. Akaanguka. Mimi nilimubeba hospitali. Yeye akikufa, mimi nitagombana na nani hapa?"

"Atagombana na mume wake," Hajati akadakia.

Toka siku ile ya hospitali Candiru huja kila akiitwa, na sijaona mahali pengine mtu anayeonja mali ya mwenzake na kusema ukweli pande zote mbili. Hajati hukata matikiti kitambaa kikiwa kimeufunika mdomo. Sababu yake aliniambia mchana, wateja walipopungua. Kiangazi kilichopita nyasi zote zilikuwa zimeungua, na yeye hakuwa na chafya hata moja. Maji ya tikiti yakamrukia mdomoni. Midomo ikavimba vilevile.

Saa kumi na moja jioni nilirudi Mvara, nikamweleza tabibu. Aliniuliza ni miti gani huchanua kiangazi karibu na nyumba ya Hajati, kwa kuwa miti nayo hutoa chavua. Sikuwa nimeuliza.

"Kipimo cha kudunga ngozi kwa sindano, cha kujua ni chavua gani inayomdhuru, hapa hatuna," alisema. "Asionje kabisa, msimu wowote."

"Na kama si nyasi, ni chavua gani?"

Aliandika swali langu kwenye faili ya Hajati. Chini yake, hadi leo, hakujaandikwa kitu.