Dada Zuhura Akataa Kusomewa

Usiku ule nilipanda kitandani nimenuna. Mchana bosi wangu, Bwana Mkude, alizikataa kurasa zangu mbele ya ofisi nzima. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu kabla havijaenda mtamboni kuchapwa, na safari hii kilikuwa kitabu cha kusomea cha darasa la pili. Nilikuwa nimechagua fonti ya herufi pana, zisizo na mikia, zilizoachana vizuri, na mistari nikaipa nafasi. Niliwafikiria watoto wenye disleksia, wale ambao herufi huwachanganya machoni hata kama akili zao zinachemka. Fonti haimponyi mtu, najua. Lakini inaweza kuacha kumwekea mitego.

"Hii ni ya chekechea," bosi alisema. "Mteja anataka kitabu chenye hadhi."

Akanipa fonti yake nyembamba, iliyolala upande, imejaa madoido. Asubuhi niipeleke hiyo mtamboni, la sivyo kazi apewe mwingine. Nikajibu "sawa bosi," nikarudi nyumbani na hasira yangu mpaka nilipopata usingizi.

Ndipo Dada Zuhura akaja. Dada yangu huyu mkubwa alifariki masika yaliyopita. Hakubisha hodi, wala hakuwahi kubisha hodi kwangu alipokuwa hai. Alikuwa mtu mzima vilevile, ila amevaa sare ya shule ya msingi, imembana mabegani.

"Inuka twende," akasema.

Niliweka mguu chini, na sakafu ilikuwa ya darasa letu la zamani, ile yenye mashimo. Enzi zile Dada alirudia madarasa mpaka nikamfikia, tukasoma darasa moja. Tulikuwa tunasoma kwa zamu, kila mtu anasimama na mstari wake. Ukikwama unabaki umesimama mpaka mwenzako akusomee. Dada alikwama kila siku. Mimi nilikuwa nawahi kuusoma mstari wake haraka haraka ili akae, na darasa zima linacheka. Walimwita kichwa maji. Jina hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa naona darasa limejaa watoto nisiowajua, na wote wamesimama. Mikononi wana kitabu changu, lakini kwa fonti ya Bwana Mkude. Herufi zinalaliana, mstari unapanda juu ya mstari. Mtoto mmoja wa kike anafuata kwa kidole, kidole kinateleza, anarudi mwanzo, kinateleza tena. Hakuna aliyekaa. Mwalimu anageuka kutoka ubaoni, na sura ni ya bosi wangu.

"Zuhura!"

Dada anafungua kitabu. Midomo inamtetemeka kama zamani. Nami, kama zamani, nafungua mdomo nimsomee.

Ananiziba kwa kiganja.

"Usinisomee," anasema. "Nimechoka kusomewa."

Anakitupa kitabu dirishani. Nje ni uani kwetu, na kanga za mama zimeanikwa kwenye kamba. Hapo nakumbuka jambo ambalo shuleni halikuwahi kufika. Dada alikuwa anasoma kanga. Maneno ya kanga yako kwenye mstari mmoja tu, herufi nene, zimeachana, na nguo nyeupe imezizunguka. Mama akinunua kanga mpya, Dada alikuwa anaifunua mbele ya majirani na kuisoma bila kukwama. Majirani walisema kabahatisha.

Anaruka dirisha, huyo, mtu mzima na sare yake. Anavuta kanga moja, anajifunga juu ya sare, kisha anasoma kwa sauti. Maneno siyakumbuki. Nakumbuka tu kwamba sauti yake haitetemeki. Watoto wanamfuata uani, kila mmoja anashika kanga yake, anasoma, anakaa chini kwenye majani.

"Simameni!" mwalimu anafoka kutoka dirishani.

Hakuna anayesimama. Yule mtoto wa kike anamtazama usoni, anaendelea kusoma.

Nataka kucheka, nataka kulia. Dada ananisogelea karibu kabisa.

"Mimi sikuwa mjinga," anasema. "Waambie."

"Niwaambie nani, Dada?"

"Yeyote atakayekuuliza."

"Mama Asha, unagombana na nani?" Ilikuwa sauti ya mume wangu. Kulishapambazuka. Nilikuwa nimejifunika kanga ya Dada, niliyopewa baada ya arobaini, na pale ilipokunjuka kifuani kwangu niliona herufi zake, nene, zimeachana.

"Sigombani," nikamjibu. "Bado."

Nikawasha kompyuta kabla ya chai. Nikairudisha fonti yangu ukurasa kwa ukurasa, nikafungua nafasi kati ya mistari, kisha nikamwandikia bosi kwamba kitabu kinakwenda na herufi hizi na kama ni kunifukuza, anifukuze.

Simu ikaita hapo hapo.

"Nani kakutuma?" Bwana Mkude alikuwa anahema.

"Dada yangu Zuhura."

"Dada yako alishafariki!"

"Ndiyo, bosi. Na hakuwa mjinga. Tulimsimamisha darasani kwa sababu ya vitabu kama hicho chako. Hawa watoto hawatasimama."

Akaanza kufoka. Nikaiweka simu mezani ikiwa bado inafoka, nikazituma kurasa zangu mtamboni.