Kilimi cha Vailet

Si kweli kwamba Mwalimu Laurentia alimwiba mjukuu wake Kisarawe. Alimchukua mchana kweupe, baba wa mtoto akiwa ameketi hapohapo. Wala si kweli kwamba ukoo wa marehemu mumewe una ububu. Ukoo huo umetoa walimu watatu na katekista mmoja, na wanaovumisha maneno hayo hapa Sofu wamefundishwa kusoma na walimu haohao.

Vailet alitimiza miaka minne hajasema hata "mama". Hospitali walimpima wakakuta masikio mazima, ulimi mzima. Daktari akauliza, "Nyumbani nani huongea naye?" Joel, baba yake, akatazama dirishani. Tangu akiwa na miezi sita, mtoto akilia hupewa simu. Akigoma kula, simu. Majirani walisifu: mtoto mtulivu, hasumbui. Kuku mgonjwa naye hutulia.

Jumamosi moja Laurentia alifika Kisarawe bila kutoa taarifa. Barazani alikuta beseni la maji ya moto na mzee mmoja akifuta kisu chembamba chenye mpini mrefu. Bertha, mama mkwe wa Joel, ndiye aliyemwita.

"Karibu, mkwe. Kilimi kimemrefukia huko kooni, ndicho kinachozuia maneno. Kikikatwa ataongea."

"Wewe chako kilikatwa lini, mkwe? Maana maneno hayajawahi kukuishia."

Joel alicheka bila kuinua macho. Ana miaka thelathini na moja, shingo imeshapinda na vidole vinamfa ganzi. Mkewe, Recho, naye alikuwa ameinama. Bertha alishika simu yake tayari kurekodi. Barazani hapo asiyekuwa na simu alikuwa mkata vilimi peke yake.

"Joel, mnamkata mtoto nyama, simu mnamwachia?"

"Mama, ni kilimi tu. Hata mimi si nilikatwa kwa bibi?"

"Ukimnyang'anya atapiga kelele," Recho akasema.

"Apige. Angalau itakuwa sauti yake."

Aliichukua simu mikononi mwa Vailet, akaiweka mapajani kwa Joel, akambeba mtoto anayemng'ata bega.

Vailet alilia siku kumi na moja. Sasa ni mwezi wa tano tangu aletwe hapa Sofu, ana maneno ishirini na matatu. Daktari hakuahidi kwamba atawafikia wenzake.

Watu wanasimama getini kuuliza atarudishwa lini. Harudishwi. Mwalimu Laurentia ameshasema, na hasemi tena.